Miche Niliyosema ni ya Baba

Kihanga, Jumapili alasiri

Koku mwanangu,

Shikamoo yako ya asubuhi sikuiitikia. Ulisimama mlango wa jikoni na mkoba wako begani, ukaniamkia, nami nikainama kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. Ukangoja kidogo, kisha ukasema unakwenda Bugomora kumuaga shangazi yako, utarudi jioni. Nikasema "haya." Mtoto anaondoka kesho alfajiri, na mama yake hana neno lingine la kumwambia isipokuwa haya! Basi naiitikia sasa, kwa kalamu yako mwenyewe: marahaba, mama. Marahaba sana.

Nyumba imenyamaza. Nimetoka misani, nimekaa hapa mezani kwako, mvua inapiga bati na maharage yanachemka polepole jikoni. Tangu baba yako afariki tumekuwa wawili tu humu ndani, na leo nimeonja jinsi kesho itakavyokuwa. Nimemuuliza paka kama atakula. Ameniangalia, akajiondokea. Siku nyingine ningecheka. Leo nimeogopa, Koku, na sioni aibu kukuambia.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala sweta, wala kulinda begi lako basi likisimama. Hayo umeyasikia tangu kidato cha kwanza, na nikiyaandika utayaruka kama unavyoruka matangazo ya kanisani. Ninalotaka kusema ni la ile karatasi.

Ulipoondoka niliingia chumbani kwako kuchukua vikombe. Ripoti yako iko mezani, umeibana vizuri na kibanio chako cheusi, tayari kwa safari. Nikaifungua, sijui kwa nini, mimi na Kiingereza tunasalimiana kwa mbali. Nikaona ile karatasi ya mbele haipo. Iko kwenye kigoda, umeikunja mara mbili, umeweka juu yake kopo la mafuta isipeperuke. Niliijua kwa kile kichwa chake kirefu ulichonitafsiria. Kumbe umeing'oa. Nilikuambia uing'oe, tukagombana, na mwisho ukaing'oa kwa sababu mama yako amesema. Ungenijibu jeuri ningejua la kufanya. Utii wako umeniuma.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikiwa na hasira huwa naanzia katikati, umenilaumu kwa hilo mara nyingi.

Mwaka jana ulishuka hapo barabarani na begi kubwa wakati si wa likizo. Nilijua kuna jambo kabla hujafungua mdomo. Ripoti yako ya kumalizia chuo imerudishwa. Mwalimu wako aliisoma, akaipenda, akakuita ofisini kwake akuombe umwazime vitabu viwili ulivyovitaja humo ndani, kwa kuwa yeye hajawahi kuviona. Nawe hukuwahi kuviona. Hakuna aliyewahi kuviona, maana havipo duniani. Ile akili mnemba ya kwenye simu ndiyo iliyokuandikia sehemu ile, ikakutajia vitabu vyenye majina mazuri na waandishi wake, nawe ukaviweka kama vyako kwa kuwa usiku ulikuwa umekwisha na tarehe ilikuwa imefika. Wakakuambia ukae nje mwaka mzima, urudi na kazi mpya.

Watu hapa walianza kusema una mimba. Mimi nikawaambia una taifodi. Taifodi ya mwaka mzima! Mpaka Ma Leokadia akaniletea dawa ya mizizi, nikaipokea, nikashukuru, nikaimwaga nyuma ya choo. Sasa ona mama uliyenaye.

Niseme kweli: mwaka wako wa adhabu ulikuwa mwaka wangu mzuri. Nilikuwa nakusikia usiku ukikohoa upande wa pili wa ukuta, nikalala. Asubuhi unakwenda zako kwa wakulima, leo Kiruruma, kesho Kyerwa huko, unauliza ugonjwa wa mnyauko uliingiaje kwenye migomba yetu zamani zile na miche ilitoka wapi ikaenda wapi. Jioni unarudi na matope mpaka magotini, unakula katogo ya ndizi na maharage, unanisimulia. Nilikuwa naomba Mungu akusaidie umalize, na nikishasema amina nilikuwa nasikitika kidogo.

Uliendelea kuitumia ile akili mnemba, na nilikuona. Hata mimi uliniruhusu kuiuliza, unakumbuka? Nikaiuliza mnyauko unatibiwaje. Ikanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha padri, ikanitajia dawa ya kupuliza. Dawa ya mnyauko! Mgomba ulioshikwa tunang'oa na kufukia, hata mtoto wa chekechea hapa anajua. Nikasema huyu hana kibanja cha migomba lakini hakosi jibu. Ulipomkosoa aliomba msamaha haraka haraka, upesi kuliko mimi ninavyoweza, ukasema hiyo ndiyo hatari yake, anakubali kila kitu. Ila ukasema pia kwamba kwenye kusahihisha Kiingereza anakusaidia sana, na huoni sababu ya kumkataa.

Ndipo Alhamisi ukanisomea ile karatasi, mstari kwa mstari. Inasema katika kazi hii umetumia akili mnemba, inataja ni ipi. Inasema uliitumia kunyoosha Kiingereza chako, na kukupa tafsiri ya kwanza ya mahojiano ya Kiswahili, kisha ukayapitia yote upya huku ukisikiliza sauti ulizorekodi. Mahojiano ya Kinyambo umeyatafsiri mwenyewe, kwa sababu huko ilikuwa inabuni. Kila kitabu ulichokitaja umekifungua na kukisoma wewe. Hoja na majibu ni yako, na makosa yaliyobaki ni yako.

Nikakuuliza kwa utani, mbona humwandiki kuwa mwandishi mwenzako, kama kafanya yote hayo? Ukacheka, na ndicho kicheko chako cha mwisho nilichosikia wiki hii. Ukasema hawezi kuwa mwandishi kwa kuwa hakuna anayeweza kumwita aje ajibu. Mwandishi ni yule anayeitwa akaja.

Kisha mimi nikawaka. Nilisema umeungua mara moja, sasa unajipeleka motoni kwa miguu yako. Mwalimu akiona tu hilo jina atakumbuka ya mwaka jana, hatafungua ukurasa wa pili. Nikasema ile ni mashine, haina mama wa kuililia, ukiacha kuitaja nani ataumia? Wenzako wote wanaitumia, wamekaa kimya, wamevaa majoho, wamepigwa picha. Ukasema utaratibu wa chuo sasa ni kutaja. Nikasema utaratibu ni wa wale ambao hawajawahi kushikwa. Ukaniangalia, ukasema kwa sauti ya chini:

"Mama, anayesoma ana haki ya kujua mkono upi umeshika wapi."

Nikasema, "Ing'oe."

Ungeweza kunitajia neno moja tu, pikapu, ningekaa chini. Unaijua habari ile, kila mtu Kihanga anaijua, na umeiandika mwenyewe humo ndani ya ripoti. Hukunitupia. Umelelewa vizuri, na kwa hilo namsifu marehemu baba yako, maana mimi ningelitupa na chungu juu yake.

Habari ya pikapu umeisikia kwa watu. Kwangu hujawahi kuisikia, maana kila uliponikaribia na kile kinasa sauti chako nilikuambia kamuulize mwingine. Mvua bado inanyesha. Ngoja nikusimulie.

Kibanja chetu kina watu ndani yake, wewe umekulia humu huoni ajabu. Mgomba wa mlangoni ni wa bibi yako mzaa baba. Ule wa kwenye shimo la takataka ni wa Ma Leokadia. Mtu akikupa chipukizi, shina lile linabeba jina lake hata akifa, na tukikata ndizi tunasema leo tunakula wa fulani. Anayekuja kuchimba chipukizi kwako haanzi kuchimba, anauliza kwanza huu umetoka kwa nani. Nilipoolewa hapa kutoka Kiruruma nilikuta majina ya kila mtu. Jina la kwetu halikuwepo.

Babu yako, baba yangu, alikuwa Mlutheri wa shingo ngumu, na mimi nilifungia ndoa kwa Wakatoliki. Hakuja. Hakutuma mtu, hakutuma hata chipukizi. Wenzangu walioolewa kwenye ukoo huu waliletewa miche kutoka kwao, ikapandwa nyuma ya jiko, wakawa watu. Kila walipokuja kunisalimia waliniuliza, wa kwenu uko wapi? Nikasema unakuja. Mwaka ukapita, nasema unakuja. Hawakuuliza kwa ubaya, nadhani, lakini nilianza kujificha nikisikia sauti zao njiani.

Siku ya mnada ikapita pikapu imejaa miche ya migomba. Muuzaji simjui, alikotoka sikuuliza. Ilikuwa miche minene, majani mabichi, ya kupendeza macho. Nikanunua. Nikaipanda nyuma ya jiko, na baba yako aliporudi nikamwambia baba amenikumbuka. Alifurahi, maskini, akachukua jembe akaongeza samadi. Jambo hili sijalisema kwa mtu: hata mimi niliamini. Nilikuwa nikipita nyuma ya jiko asubuhi naiamkia ile migomba kwa Kinyambo, kwa heshima, jinsi ambavyo ningemwamkia baba. Nilikuwa mpweke kiasi hicho.

Shangazi yako Paskazia ndiye aliyenipenda kabla ya wote hapa. Alikuwa ameachana na mumewe, kaka yake akamkatia kipande cha kibanja kinachopakana na hiki, na tulikuwa tunatumia panga moja, chumvi moja, siri moja. Akaiona migomba yangu, akaniuliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa baba. Hakuuliza tena. Kibanja cha baba kilisifika kwa usafi mpaka huku, jina lake lilimtosha. Akachimba machipukizi, akayapanda kipande chote.

Ugonjwa ulipotokea tulidhani ni jua. Majani yakawa ya njano, yakalegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Ndizi changa zikaiva mkunguni, ukizipasua ndani zina kutu. Tukakata shina moja, likatoa usaha. Sisi tulipoteza kona ya nyuma ya jiko na migomba kadhaa. Paskazia alipoteza karibu kila kitu, na kile kipande ndicho kilichokuwa mume wake na mshahara wake.

Bwana shamba akaja. Kazi yake ilikuwa rahisi kwa sababu ya ule utaratibu wetu wa majina: anauliza huu umetoka kwa nani, anakwenda kwa huyo, anauliza tena, mpaka afike ugonjwa ulikoanzia. Akafika kwangu. Watu wamesimama, mashemeji, majirani, baba yako. Nikasema kwa baba, Kiruruma. Nilisema bila kumeza mate. Akawasha pikipiki akaenda Kiruruma, na siku zile alizokuwa anahangaika huko, miche ya ile pikapu ilikuwa inanyauka vitongoji vingine ambako hakuna aliyetazama, kwa kuwa wote walikuwa wanatazama nilikowaonyesha mimi.

Baba alikuwa mzee tayari. Walimpitisha kwenye kibanja chake shina kwa shina, mbele ya wanawe, kama mtu aliyeiba. Migomba yote mizima. Wakamuuliza kuhusu miche aliyompa binti yake wa Kihanga. Bwana shamba alituletea jibu lake mkutanoni, neno kwa neno:

"Sijampa mtoto wangu mche wowote."

Watu waliokuwepo walisikia uongo wangu. Mimi nilimsikia baba. Nikasema ni ya pikapu, nikaketi pale chini nikalia, na watu walidhani nalia aibu. Aibu ilikuwepo, lakini kilichoniliza ni kwamba hilo la kutonipa kitu amelisema mbele ya wageni, wazi kabisa, nami sina pa kwenda kumwambia kwamba nimelisikia.

Siku ya kung'oa na kufukia, yule bwana shamba alinifuata pembeni. Hakunikaripia. Aliniambia kununua si kosa, watu wananunua kila siku, na ningesema ni ya pikapu angekuja kuitazama, angeniambia niitenge mpaka ijulikane. Alisema hivyo akaendelea kuosha jembe kwa dawa.

Na Paskazia alifunga mizigo yake akaenda kwa binti yake Bugomora. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimebeba ndoo yake. Nilikuwa nangoja anitukane, ningepumua. Alipopanda gari aliniangalia, akasema:

"Nilikuuliza, Jeneroza. Nilikuuliza."

Tangu siku hiyo hajala chakula kwangu. Msiba wa baba yako alikuja, akasimama na watu wa Bugomora, akamlilia kaka yake, akaondoka bila kuonja hata maji. Sikumlaumu. Baba naye alikufa mwaka uliofuata ule wa ugonjwa, na kwenye mazishi mjomba wako aliniambia nichimbe chipukizi lolote nilitakalo. Nikashika jembe, nikasimama mbele ya shina la baba, nikaliweka jembe chini. Anayetoa hayupo, nitachimba nikasema amenipa nani? Nikarudi mikono mitupu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza mbona nyuma ya jiko hatupandi kitu, nikakujibu udongo umechoka. Udongo ule ni mzuri tu.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nimeishi naye miaka yote hii, ananisindikiza kisimani na kanisani, na Alhamisi nilimpita kana kwamba simjui. Nilikuambia eti ukiacha kuitaja mashine nani ataumia. Pikapu nayo haikuwa na mama wa kuililia. Haikuumia kwa kutotajwa. Yule muuzaji alipata hela yake akaenda zake. Aliyeumia ni aliyeniuliza akaniamini, na wale wa vitongoji vya mbali nisiowajua hata kwa sura. Nimekaa hapa na karatasi yako mkononi tangu adhuhuri, nikaona ni hicho tu ulichokuwa unaniambia kwa ile sauti ya chini, na uliniambia kwa adabu kuliko nilivyostahili.

Nimejiuliza kwa nini niliwaka vile. Niliogopa ukifeli tena watu watasema. Hilo ni kweli, lakini ni dogo. Kubwa ni kwamba ile karatasi yako fupi ilinitia wivu. Umri wako huo, na aibu ya mwaka jana bado mbichi, unakaa chini unaandika bila kungoja kushikwa: hiki si changu, hiki ni changu, na hapa nilikosea. Mimi neno pikapu lilitoka kinywani mwangu baada ya baba kulisema lake. Ukubwani mwangu nilikuwa na nafasi ya kusema mbele ya watu wote, nikamtuma mzee wa watu akanisemee yeye. Na wewe nikakuambia ufanye kama mimi. Eti ndiyo mapenzi ya mama.

Siwezi kukuahidi kwamba mwalimu wako atafurahi. Huenda akakunja uso akiona karatasi hiyo mbele. Huenda akakuuliza maswali mpaka jasho likutoke, umwonyeshe kila kitabu, umsikilizishe kila sauti. Utakuwa navyo, kwa kuwa umevitafuta kwa miguu yako na matope yake nimeyafua mimi. Na kama itatokea wakurudishe tena, shuka hapo barabarani na begi lako mchana kweupe. Safari hii sitamwambia mtu una taifodi.

Nimeikunjua karatasi yako, nimeilaza chini ya Biblia ikanyooka kidogo, nimeirudisha mahali pake mbele kabisa na kuibana kwa kibanio chako. Mikunjo inaonekana. Iache. Barua hii nitaipachika nyuma yake, utaikuta siku utakapoifungua kule, mimi nikiwa mbali siwezi kukukatiza.

Kwenye mfuko wa kitambaa nimekuwekea kahawa za kutafuna. Usimpe mwalimu kabla hajasoma, atadhani unamhonga. Nilisema sitatoa maagizo, lakini hilo limeniponyoka.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Kwenye ile sura uliyonisomea mwezi uliopita, habari ya miche ya barabarani, umeniita "mkulima mmoja wa Kihanga." Nilikuomba mwenyewe unifiche, ukasema hakuna shida, kwenye utafiti majina ya watu hufichwa, ni heshima kwao. Nilifurahi. Nilijificha mle kama nilivyokuwa najificha zamani nikisikia sauti za wake wa ukoo njiani. Umeitaja mashine uliyoitumia, umewataja waandishi ambao hatutawaona maishani, na mama yako aliyeanzisha habari yote hana jina. Paskazia akiisoma atajua ni mimi. Atajua pia kwamba bado nimejificha.

Muulize mwalimu wako kama mtu anaweza kutajwa akitaka mwenyewe. Kama anaweza, futa huyo mkulima mmoja. Andika Jeneroza, wa Kihanga. Andika alinunua miche kwenye pikapu, akasema ni ya baba yake, na wifi yake alipomuuliza akasema hivyo hivyo.

Na ukifika kwenye habari ya babu yako usilainishe maneno yake kwa kunihurumia. Yaweke kama alivyoyasema, kwamba hakumpa mtoto wake mche wowote, na umwandike jina lake lote. Kati yetu sote siku zile ni yeye peke yake aliyeitwa akajibu.

Mama yako,
Jeneroza